Mpe Mto

Bagamoyo ukipiga chafya mtaa wa Dunda, mtaa wa Magomeni wanakwambia afya. Kwa hiyo Inspekta Mwaija hakushangaa kwamba alipofika kwenye banda la video la Najim, saa tatu asubuhi ya Jumanne, Najim alikuwa ameshajua anakuja. Alikuwa amefagia, amepanga mabenchi, na amevaa shati la kwendea harusini.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hapa umefagia lini?"

"Leo, afande."

"Na kabla ya leo?"

Najim akacheka peke yake. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, sauti nene kama ya muadhini, na sauti hiyo ndiyo iliyomlisha. Alichukua filamu za nje, akaweka maneno yake ya Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe, akaonyesha hapo bandani. Kuna watu Bagamoyo waliokuwa wanaamini kwamba waigizaji wa Ulaya wanazungumza kwa sauti ya Najim.

"Nimekuja kuuliza neno moja," Mwaija alisema. "Mpe mto."

"Hilo langu hilo!" Najim akajipiga kifua. "Mji mzima unalitumia. Juzi uwanjani beki kaanguka puu, watu wote, 'Kapewa mto! Kapewa mto!' Mimi nimekaa kimya tu, najua mwenyewe."

"Limetoka wapi?"

"Kwenye *Wezi Wastaarabu*. Ile picha ya sefu. Afande hujaiona? Basi wewe peke yako."

Mwaija alikaa benchi la mbele. Neno lile alilisikia jana kwa bodaboda aliyemleta kazini, na halikumtoka kichwani, kwa sababu ya mtu aliyekuwa amelazwa juu ya mto.

Siku kumi na moja nyuma, Ijumaa, wakati watu wako msikitini, duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Jafferali liliibiwa. Dhahabu ya harusi ya mkewe, Batul, ilitoka kwenye sefu bila kuvunjwa kitu. Ufunguo ulikuwa unakaa chini ya mzani wa misumari na hiyo siri walikuwa wanaijua nusu ya wateja. Jafferali aliporudi kutoka sala alimkuta mlinzi wake, Mzee Rajabu, amelala ubavu wa kulia nyuma ya kaunta, koti lake limekunjwa vizuri chini ya kichwa, viatu vimevuliwa na kupangwa ukutani, soksi ndani yake. Jafferali alimgombeza. "Rajabu, kazini unavua mpaka soksi?" Alimgombeza mara mbili, tatu, ndipo alipoinama kumtikisa.

Daktari aliandika kwamba shingo ilibanwa kwa mkono kutoka nyuma. Kabali. Mzee alikuwa na miaka sitini na nane.

Kituoni walikubaliana kwamba aliyemuua ni mtu wa dini. Kaua, kaogopa, kamlaza maiti kwa heshima. Koplo Sharifu, msaidizi wa Mwaija, aliishikilia nadharia hiyo kama ndoa. Mwaija hakuipenda. Maiti hawekewi koti kichwani. Mto ni wa mtu atakayeamka.

"Niwekee hiyo picha," alisema. "Hapo penye mto."

Najim akawasha mitambo. Kwenye kioo, wanaume wanne waliovaa suti waliingia kwenye jengo la benki. Mlinzi mzee alikuwa anakunywa kahawa. Mmoja akamjia nyuma, akampitishia mkono shingoni, mzee akarusha miguu mara mbili, akatulia. Sauti ya Najim ikanguruma juu ya muziki: "Huyooo, kalala! Kalala kama mtoto wa kunyonya! Hapo mpaka saa moja asubuhi, ataamka anaulizia chai!" Mkubwa wa wezi akasema jambo kwa midomo iliyobana. Sauti ya Najim: "Mpe mto, mpe mto mzee wa watu, asije akaamka na shingo inauma!" Mwizi mmoja akamwinamia mlinzi, akamshika kwapani. Hapo picha ikaruka, wezi wakawa ndani ya gari, wanacheka.

"Mbona imeruka?"

"Nimekata. Katikati pale inalegea. Dakika kumi na mbili za kulialia tu, watu wananirushia maganda ya karanga."

"Huo mto mbona sikuuona?"

Najim akakuna shingo. "Nami sikuuona, afande. Nilidhani wanakwenda kuuleta."

"Kiingereza unakijua?"

"Cha kuombea maji." Akatazama chini. "Rahul ndiye ananiandikia. Yule wa duka la vitambaa. Anatazama, ananiandikia kwa ufupi, mimi napamba."

*

Rahul alikuwa anapima kitambaa cha pazia kwa mama mmoja wa Kerege aliyekuwa anabishania nusu mita. Alipomaliza alimkaribisha Mwaija nyuma ya duka, akampa kiti na soda, akafungua kompyuta. Alikuwa kijana mpole wa miwani, mwenye kupenda filamu kuliko vitambaa, jambo ambalo baba yake alilieleza kwa kila mteja.

"Nikiuliza uzuri na udhaifu wa hii picha, utaniambia nini?" Mwaija aliuliza.

Rahul akafurahi kama mtu aliyengoja swali hilo miaka. "Udhaifu, mwisho wake una haraka. Na yule mwanamke kwenye genge hana kazi, kawekwa kwa sura tu. Uzuri wake uko katikati, dada. Dakika kumi na mbili hivi. Yule mlinzi akishakufa..."

"Akishakufa?"

"Ndiyo. Kwani hukuona?" Akaisogeza picha mpaka pale pale. Mkono shingoni. Miguu mara mbili. "Huyu mmoja anasema, hapumui. Mkubwa wao anajibu, mtoni. Basi wanambeba, wanamtupa mtoni. Halafu ndiyo ile sehemu. Mkewe anafua sare yake, anaipiga pasi, anaitundika, hajui bado. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Mimi nililia, sikufichi."

Mwaija aliitazama sehemu yote. Mwanamke wa kwenye kioo alifua, akaanika, akapiga pasi kola. Nje mama wa Kerege alikuwa amerudi, nusu mita imepungua.

"Najim ulimwandikia nini?"

Rahul alilitafuta daftari. Ukurasa ulikuwa na mistari ya maneno mawili mawili. Wa kumi na nne ulisomeka: *Mlinzi. Mto.*

"Ulimaanisha mto wa maji."

"Mto gani mwingine?" Rahul alisema. Akavua miwani. "Kufa sikuandika. Nilijua ataona mwenyewe. Mtu yeyote anaona."

"Hakuona," Mwaija alisema. "Na mji mzima haukuona."

*

Mahabusu, Hija alikuwa anamfundisha mwenzake kucheza bao kwa kokoto. Hija aliiba tangu enzi za shilingi za Mwalimu, na kila kitu kilipopotea Bagamoyo yeye ndiye aliyeanza kukamatwa, kama mtu anavyoanza kutafuta miwani usoni.

"Hija, *Wezi Wastaarabu* umeiona?"

"Mara mbili. Uzuri wake wana subira. Udhaifu wake wanaongea mno. Mwizi gani anaongea vile? Na kabali ile ya kitoto. Kabali haimlazi mtu, afande. Ama unalegeza, ama unazika. Mimi toka bega hili litenguke kule Chalinze sijamkaba hata kuku."

"Inua mkono."

Mkono ulifika kifuani, ukagoma. Daktari alikuwa ameandika hivyo hivyo wiki iliyopita, na karatasi ilikuwa imekaa mezani bila kusomwa.

"Sharifu, mtoe huyu."

"Afande, na nadharia yetu?"

"Mtoe na nadharia yako."

Walipobaki wawili Mwaija aliandika mistari mitatu kwenye karatasi, akamsukumia koplo aisome kwa sauti.

"Moja," Sharifu akasoma. "Aliyemkaba alidhani mzee atalala, kwa hiyo alijifunzia kwa Najim, si kwingine. Mbili. Alijua mzee ataumwa shingo akilala bila mto, kwa hiyo alimwonea huruma. Tatu. Viatu." Akainua macho. "Viatu vina nini?"

"Mwizi ana dakika chache, wenye duka wako njiani. Kwa nini anafungua kamba za viatu?"

Jibu Mwaija alikuwa nalo tangu siku ya tatu ya msiba, ila hakujua kwamba ni jibu. Siku hiyo Swaumu, binti wa Mzee Rajabu, alimshika mkono mbele ya wanawake wote waliokaa matanga. "Baba hakuwa anapata usingizi na viatu," alisema. "Hata akijilaza dakika tano lazima avuliwe, soksi ziingizwe ndani, alale ubavu wa kulia. Aliyemlaza vile alimlaza vizuri, afande. Hilo tu linanifariji." Kisha akasema lile ambalo Mwaija alikuwa analibeba tangu siku ile kama jiwe kwenye kiatu: "Mimi duniani nina baba mmoja na Amiri mmoja. Baba tumemzika. Nitafutie aliyemuua, mimi na Amiri tupate kulala."

Amiri alikuwa mtoto wa shangazi yake. Mama yake alifia Miono, Mzee Rajabu akaenda kumchukua akiwa na miaka sita, akamleta mjini mgongoni mwa baiskeli. Ijumaa ile Amiri ndiye aliyeingia chumbani na waosha maiti. Ndiye aliyeshuka kaburini.

Mwaija akampigia simu Najim. "Swali la mwisho. Baada ya msiba, kuna mtu aliyekuomba uirudie hiyo picha?"

"Watu wameshaichoka, afande. Sasa hivi wanataka za Kikorea." Akafikiri. "Amiri. Amiri wa Mzee Rajabu alikuja, nadhani siku ya nne, nikasema maskini, anatafuta pa kujisahaulisha. Kaitazama mpaka mwisho. Kesho yake kaja tena. Na tena. Nilimwambia usinilipe."

"Alikuwa anacheka?"

"Hapana," Najim alisema taratibu. "Alikuwa anakaa hapo ulipokaa wewe."

*

Karakana ya Amiri ilikuwa kando ya barabara ya Dar, mabati manne na kivuli cha mkorosho. Alikuwa anachomelea geti. Alipoliona gari la polisi alizima mashine, akavua miwani nyeusi, akaja kusalimia kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mabega ya kazi, na ndevu ambazo hakuzinyoa tangu mazishi.

"Shikamoo, dada Mwaija. Mmempata?"

"Marahaba. Tumemwachia Hija. Bega lake haliwezi."

"Nilijua si Hija," Amiri alisema. "Mjomba alikuwa anamgawia Hija tumbaku."

Mwaija akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Koplo Sharifu alisimama karibu na gari.

"Geti la nani?"

"La mtu wa Kerege. Mashine hii nimekodi, inanila nyama. Nikipata yangu nitapumua."

"Amiri, nimeiona *Wezi Wastaarabu*."

Amiri alipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Kila mtu namuuliza uzuri wake na udhaifu wake," Mwaija aliendelea. "Rahul kaniambia, Hija kaniambia. Najim anasema uzuri wake ni Najim. Wewe umeitazama kuwashinda wote."

"Uzuri wake..." Amiri alitazama barabarani. Lori la mchanga likapita, wakasubiri lipite. "Uzuri wake hakuna anayeumizwa. Wanaingia, wanachukua cha tajiri ambacho wala hakivai, wanatoka. Mtu analala, anaamka. Hakuna anayelia."

"Na udhaifu?"

"Yule mlinzi." Sauti yake ilishuka. "Hawamwonyeshi akiamka. Najim anasema saa moja asubuhi ataulizia chai. Nimeitazama mpaka majina yanapita, mpaka kioo kinakuwa cheusi. Haamki. Wamesahau kumwonyesha. Nilidhani Najim kakata, nikamuuliza. Akasema kweli amekata, nikafurahi. Nikasema basi yuko humo kwenye kipande alichokata. Dada, wewe umekiona? Kile kipande?"

"Nimekiona."

"Anaamka?"

Kazi ilikuwa inamwambia Mwaija angoje, maana mtu akingojewa hujaza kimya mwenyewe. Lakini huyu hakuwa anajaza kitu. Alikuwa anauliza.

"Alikufa pale pale, Amiri. Mto aliosema Najim ni mto wa maji. Walimtupa."

Amiri aliketi chini, hapo hapo kwenye vumbi la chuma.

"Nilihesabu miguu, mara mbili," alisema. "Nilimwachia alipolegea tu, sikukaza hata kidogo baada ya hapo. Nikamwita, 'Mjomba.' Akakoroma kidogo. Wallahi alikoroma. Nikasema Alhamdulillahi, kalala. Nikamvua viatu maana nilijua ataamka miguu imevimba, atanung'unika wiki nzima. Nikaenda kuchukua kile kiboksi cha dhahabu. Nilivyorudi nikampita polepole, kwa ncha za vidole, nisimwamshe."

"Kwa nini, Amiri?"

"Mashine. Nilitaka mashine yangu." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Nilisema ataamka, watamuuliza, atasema sikuona mtu nilipitiwa na usingizi, Jafferali atafoka siku mbili yataisha. Mjomba kufokewa ameshazoea."

"Na ulipokuwa unamwosha?"

"Nilikuwa nangoja," Amiri alisema. "Maji yalikuwa ya baridi. Nilisema sasa ataamka."

Koplo Sharifu akageuka, akawa anatazama tairi la gari.

Dhahabu ilikuwa ndani ya mtungi mbovu wa gesi alioukata kati na kuuchomelea tena. Aliukata mwenyewe mbele yao, cheche zinaruka. Kiboksi kilikuwa hakijafunguliwa. Kamba aliyoifunga Batul ilikuwa na fundo lake lile lile.

"Naomba kitu kimoja," Amiri alisema walipomfunga pingu. "Swaumu nimwambie mimi. Asisikie kwa watu."

Mwaija akatazama barabarani. Upande wa pili, muuza madafu alikuwa ameshatoa simu.

"Tuwahi basi," akasema.

*

Hawakuwahi. Walipofika Magomeni wanawake walikuwa wamesimama barazani, na wanawake wa Magomeni wakisimama bila kusema kitu ujue wameshasema vyote. Swaumu alikuwa katikati yao, mikono ina unga wa mchele.

Amiri alishuka garini. Alifungua mdomo. Yale aliyoyapanga njia nzima yakamkimbia, akabaki anasema, "Nilidhani kalala. Swaumu, nilidhani kalala tu."

Swaumu hakupiga kelele. Watu wote walikuwa wamejiandaa kumshika, na hapakuwa na wa kushikwa. Alimtazama Amiri toka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekagua mzigo uliorudishwa na basi. Kisha akamgeukia Mwaija.

"Nilikuomba umtafute," alisema. "Sikukuomba umpate humu ndani."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Wewe umefanya kazi yako." Akaingia ndani, akafunga mlango. Wakasikia komeo.

Kituoni Koplo Sharifu alijaza fomu. Jina, umri, kazi, kosa. Alipofika kwenye ndugu wa karibu, kalamu ikasimama.

"Ndugu yako wa karibu ni nani?"

Amiri akataja jina na namba. Sharifu akamtazama bosi wake. Jina hilo na namba hiyo ya simu vilikuwa tayari kwenye jalada la marehemu, kwa mwandiko wake mwenyewe, chini ya maneno hayo hayo.

"Andika," Mwaija alisema.

Asubuhi ya pili, kabla ya paredi, Mwaija alimkuta Swaumu amesimama kaunta. Alikuwa amejitanda kanga mbili, macho yamevimba, mkononi ana hotpoti. Askari wa zamu, mgeni wa kutoka bara, alikuwa na vitabu viwili mbele yake na hakujua afungue kipi.

"Dada, nisaidie niandike," alikuwa anasema. "Umekuja upande wa marehemu au upande wa mtuhumiwa?"

Swaumu alivitazama vile vitabu.

"Ni mihogo ya nazi," akasema, akaisukuma hotpoti mbele. "Mwambie ale ingali moto."